Udhiya Yetu na Mbuzi wa Nyama

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kila unapoandama mwezi wa Mfunguo Tatu khutba zetu hujaa fadhila za siku kumi. Tunakumbushwa hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Imam Bukhari, kwamba hakuna siku ambazo amali njema hupendeza zaidi mbele ya Allah kuliko siku hizi. Tunakumbushwa hadithi ya Abu Qatada (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba funga ya Arafa hufuta madhambi ya mwaka uliopita na unaofuata. Hayo ni haki na hatuna neno nayo. Tunachokosoa ni kuwa fadhila zinahubiriwa na hukumu zinaachwa. Muumini anatoka msikitini akijua thawabu ya kuchinja, lakini hajui achinje lini, mnyama awe wa umri gani, wala nyama aigawe vipi.

Tunaizungumzia Buhongwa kwa sababu hapo mambo haya yanaonekana waziwazi. Ni kata iliyo kusini mwa jiji la Mwanza, kwenye barabara kuu ya Shinyanga, na mifugo inayotoka upande wa Misungwi hupita hapo kuingia mjini. Mbuzi na ng'ombe si vitu vigeni kwa watu wake. Hata hivyo, udhiya inayochinjwa katika viwanja vya misikiti yetu miaka ya karibuni, kwa sehemu kubwa, ni ya watu wasiokuwepo: fedha zinatoka Uturuki, nchi za Ghuba au Uingereza, wakala ananunua ng'ombe, wanachinjwa, watu wanapanga foleni na mifuko, picha zinapigwa na kutumwa. Maskini anapata nyama, na hilo ni jambo la kheri ambalo hatutalidharau. Wapo wasioonja nyama ila siku hiyo. Lakini kheri ya nyama ni jambo moja na kusihi kwa ibada ni jambo jingine, na mwenye fedha alitoa fedha yake kwa ajili ya hilo la pili.

Abu Burda bin Niyar (r.a.), mjomba wa Al-Baraa bin Azib (r.a.), alichinja kabla ya swala ya Iddi. Nia yake ilikuwa njema kabisa: alijua kuwa ile ni siku ya kula na kunywa, akapenda mbuzi wake awe wa kwanza kuchinjwa nyumbani kwake. Akala na akalisha jirani. Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa huyo ni mbuzi wa nyama, yaani si udhiya. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tuizingatie vizuri. Mnyama alikuwa mzima, mchinjaji ni sahaba, nyama imelika na jirani wameshiba. Kilichokosekana ni wakati tu, na kwa kukosekana huko ibada yote ikageuka kitoweo. Akaamrishwa achinje mwingine.

Sasa tulete hadithi hiyo kwetu. Mwaka 2024, sawa na 1445 Hijria, mahujaji walisimama Arafa siku ya Jumamosi tarehe 15 Juni, na Iddi ikawa Jumapili tarehe 16 huko Saudi Arabia, Uturuki na nchi nyingine nyingi. Hapa kwetu BAKWATA ilitangaza Iddi kuwa Jumatatu tarehe 17 Juni. Kwa hesabu hiyo, Jumapili ilikuwa tarehe 9 ya mwezi, siku ya kufunga Arafa. Wapo pia ndugu zetu wengi wanaofuata mwandamo wa popote duniani, nao walisali Iddi yao Jumapili.

Ikhtilafu hii ni kongwe na kila upande una wanazuoni wake. Upande mmoja una hadithi ya Kurayb iliyomo katika Sahih Muslim. Ummul-Fadhl alimtuma Sham kwa Muawiya, akauona mwezi wa Ramadhani huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi na wataendelea na hesabu yao, kwani ndivyo walivyoamrishwa na Mtume (s.a.w.). Imam Nawawi alitia nguvu kauli ya kuzingatia matlai, nayo ndiyo iliyozoeleka katika madhehebu ya Shafi yaliyoletwa huku Ziwani na watu wa pwani kupitia Tabora. Upande wa pili ni kauli ya jamhuri ya maulamaa, kwamba ukionekana mahali pamoja umewalazimu wote. Anayesema kwamba Arafa ni kisimamo cha mahujaji na kwamba siku yake haiwezi kuwa mbili, naye ana hoja ya kusikilizwa, ingawa ajibu swali hili: Waislamu walioishi hapa kabla ya simu na redio, ambao habari za Hijja ziliwafikia baada ya miezi, walifunga siku gani? Walifunga tarehe 9 ya mwezi waliouona. Hatujasikia mwanachuoni aliyesema kuwa funga zao zilikuwa batili.

Hatuandiki ili kumaliza ikhtilafu hiyo. (Na tuseme kwa kupita tu: saa ya Mwanza na saa ya Makka ni moja, na anayeitumia tofauti ya matlai kama kwamba Makka iko ng'ambo ya dunia ajitazame upya.) Tunaandika juu ya msikiti unaochanganya hesabu mbili katika ibada moja. Jamaa waliofunga Jumapili tarehe 16 kwa kuitakidi kuwa ni tarehe 9, kisha siku hiyo hiyo wakachinja ng'ombe wa wafadhili kwa kuwa kule kwa mfadhili ni Iddi na picha zinasubiriwa, wamefanya nini? Kwa itikadi yao wenyewe wamechinja siku ya Arafa, kabla ya swala na kabla ya siku yenyewe. Abu Burda alitangulia kwa saa chache. Hawa wametangulia kwa siku nzima. Na nyama ikigawiwa saa tisa alasiri, anayeigawa amefunga na anayeipokea amefunga.

Kauli tunayoiona kuwa na nguvu ni kwamba wakati unaozingatiwa ni wa mahali anapochinjwa mnyama, kwa kuwa kiini cha ibada hii ni kumwaga damu, na damu inamwagika Buhongwa si Istanbul. Kwa madhehebu ya Shafi, wakati huingia baada ya jua kuchomoza siku ya tarehe 10 na kupita kiasi cha rakaa mbili na khutba mbili nyepesi, na huendelea mpaka jua kuzama siku ya tarehe 13. Hanafi, Maliki na Hanbali wanaishia tarehe 12. Kwa hiyo mfadhili hapati hasara yoyote akichinjiwa siku moja baada ya Iddi ya kwake, kwani hata kwa kalenda yake bado ni siku za kuchinja. Anayepata hasara ni yule anayechinjiwa na watu ambao kwao siku haijafika. Wenye kusali Iddi Jumapili wachinje Jumapili, na wenye kusali Jumatatu wachinje Jumatatu. Kama wakala anawahi ripoti yake, akachinje kwa hao walioiitakidi Iddi siku hiyo, wala asiwatie wengine katika mgongano wa ibada yao.

Katika funga yenyewe tutasema machache. Bibi Aisha (r.a.) amesema hakumwona Mtume (s.a.w.) akifunga katika siku kumi, na hadithi hiyo iko katika Sahih Muslim, wapo wanaoitumia kuwakemea wanaofunga kuanzia tarehe mosi. Imam Nawawi ameifasiri kuwa yeye hakumwona, au kwamba Mtume (s.a.w.) aliacha kwa udhuru wa safari au maradhi, akasema kufunga siku tisa hizo ni mustahabu uliotiliwa mkazo. Ipo pia riwaya ya mmoja wa wake zake kwa Abu Daud kwamba alikuwa akifunga tisa, na wanazuoni wa hadithi wametofautiana juu ya isnadi yake. Kufunga ni amali njema na hadithi ya Ibn Abbas imekusanya amali njema zote. Basi anayefunga asikemewe, na asiyefunga asionekane kapungukiwa. Siku ya Iddi na siku tatu baada yake ndizo zisizofungwa.

Kuhusu nywele na kucha kuna kosa moja linalojirudia. Hadithi ya Ummu Salama (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim inamkataza anayekusudia kuchinja asiondoe nywele wala kucha zake tangu mwezi kuandama. Imam Ahmad ameichukua kuwa ni haramu, Imam Shafi kuwa ni makuruhu. Katazo ni la mwenye udhiya. Wakala na mchinjaji hawahusiki, na tumeshangaa kumsikia mtu akimzuia bucha asinyoe ndevu kwa kuwa atachinja ng'ombe wa watu.

Amana ya wakala

Uwakala katika kuchinja unajuzu. Katika Hijja ya kuaga Mtume (s.a.w.) alitoa ngamia 100, akachinja 63 kwa mkono wake na waliobaki akamwachia Ali (r.a.). Lakini wakala ni amini, na amana yake huanzia mnadani.

Kwa madhehebu ya Shafi, mbuzi hafai mpaka atimize miaka miwili, ng'ombe miaka miwili, na kondoo mwaka mmoja. Hanafi na Hanbali wanaruhusu mbuzi wa mwaka mmoja. Mbuzi wetu wa kienyeji ni wadogo wa umbo, kwa hiyo udogo peke yake si dalili, na ukubwa pia si dalili. Dalili ni meno. Mbuzi mwenye jozi moja ya meno makubwa ya mbele ana mwaka na miezi kadhaa. Akiwa na jozi mbili amekaribia au amefikia miaka miwili. Imamu anayemfuata Shafi asione haya kumfunua mbuzi mdomo mbele ya muuzaji, na wauzaji wa Usukumani wanajua kusoma meno kuliko sisi. Anayeona bei ya mbuzi wa miaka miwili imempita, basi kondoo wa mwaka mmoja anamtosha kwa ittifaki. Mnyama aliyekonda mpaka kukosa uboho, kilema ambaye kilema chake kiko wazi, mgonjwa, na mwenye jicho lililopofuka, hao wanne wametajwa katika hadithi ya Al-Baraa na hawafai. Mfadhili anapoweka bei ya chini na wakala akanunua dhaifu ili ibaki nauli yake, wote wawili wameingia matatani, lakini wakala zaidi, kwa sababu yeye alimwona mnyama na mwenzake hakumwona.

Ng'ombe ni wa watu saba, kwa hadithi ya Jabir (r.a.) ya mwaka wa Hudaybiya. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo wengi huipita. Tuseme zimeletwa fedha za watu 50 na wakala akanunua ng'ombe 7. Saba mara saba ni 49. Huyo wa 50 hana fungu. Na ikiwa majina hayakugawanywa kwa kila ng'ombe, bali yamesomwa yote kwa pamoja juu ya ng'ombe wote, hajulikani nani amechinjiwa nani ameachwa. Kazi yenyewe ni karatasi moja tu: ng'ombe wa kwanza na majina saba, wa pili na majina saba, mpaka mwisho, na mbuzi mmoja anunuliwe kwa ajili ya aliyezidi.

Mchinjaji alipwe fedha. Ali (r.a.) aliamrishwa atoe sadaka nyama, ngozi na matandiko ya ngamia wale, na asimpe mchinjaji chochote humo kuwa ni ujira. Mazoea ya sehemu nyingi ni mchinjaji kuondoka na ngozi na kichwa kama malipo yake. Akipewa kama zawadi au sadaka baada ya kulipwa ujira wake hakuna ubaya. Likiwa ndilo patano tangu asubuhi, hilo ndilo lililokatazwa.

Baada ya hapo ni ugawaji, na hapa tuna neno juu ya pilau. Misikiti kadhaa hupika nyama yote ya udhiya ikaliwa pamoja baada ya swala. Inapendeza na inaleta mahaba. Lakini kwa madhehebu ya Shafi ni lazima sehemu ya nyama, hata ikiwa kidogo, apewe fakiri ikiwa mbichi, aimiliki na aifanye atakavyo: ale, auze, au ampelekee mama yake kijijini. Kumwita aje ale pilau hakutoshelezi. Basi ipimwe kwanza nyama mbichi ya mafakiri, na kinachobaki kipikwe.

Majirani zetu wengi wa Buhongwa si Waislamu. Wengine husimama pembeni ya foleni wasijue kama wanaruhusiwa, na sisi huwa hatujui tuwajibu nini. Wapo wanazuoni wa Shafi waliokataza asiye Mwislamu kupewa udhiya, lakini Imam Nawawi katika Al-Majmuu ameeleza kuwa muktadha wa madhehebu ni kujuzu katika udhiya ya sunna, si ya nadhiri. Abu Hanifa ameruhusu. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Mkoa huu na wa Geita uliwahi kuingia katika mgogoro mkubwa wa nani achinje, mpaka mtu akapoteza uhai pale Buseresere mwezi Februari 2013. Tulizungumza sana wakati ule juu ya haki yetu ya kushika kisu. Ingefaa tuzungumze kwa kiasi hicho hicho juu ya haki ya jirani katika kinachochinjwa.

Na hizo picha. Tunaelewa kuwa mfadhili anataka uthibitisho, na kumthibitishia ni sehemu ya amana. Mpige ng'ombe picha, na karatasi ya majina pia. Bibi mzee aliyeshika kilo moja ya nyama huku akiambiwa atabasamu si uthibitisho wa chochote. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alipoulizwa juu ya udhiya ya zama za Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa mtu alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumbani kwake, wakala na wakalisha, mpaka watu walipoanza kufakhirishana. Imepokewa na Tirmidhi na Ibn Majah. Kama hali iligeuka karibu na zama zile, sisi wa zama za simu za mkononi tuna hali gani?

Wenye uwezo wetu

Tumeanza na mnyama wa mfadhili kwa sababu ndiye anayeonekana. Lakini linalotutia huzuni zaidi ni nyumba za Buhongwa ambazo zina uwezo na hazichinji. Mwenye duka, mwenye gari, mtumishi wa serikali, mvuvi aliyepata msimu mzuri, asubuhi ya Iddi wanakwenda msikitini kusubiri fungu la ng'ombe wa mtu wa Ulaya. Katika madhehebu yetu udhiya ni sunna iliyotiliwa mkazo, na akiifanya mmoja katika watu wa nyumba inawatosha wote. Abu Hanifa ameiona kuwa ni wajibu kwa mwenye uwezo. Wapo wanaojitetea kwa Abu Bakr na Umar (r.a.), ambao imepokewa kuwa wakati mwingine waliacha kuchinja ili watu wasidhani kuwa ni faradhi. Masheikh hao wawili waliogopa watu wazidishe. Buhongwa hakuna hofu hiyo. Hapa kuna watoto wanaofika miaka kumi na mitano na hawajapata kumwona baba yao akimlaza mnyama kuelekea kibla na kutaja jina la Allah; wanajua tu kuwa nyama ya Iddi huletwa na gari.

Ng'ombe wa watu saba ndiye dawa nyepesi, na hatujui kwa nini majirani wa mtaa mmoja hawamnunui. Fungu moja la saba mara nyingi huwa nafuu kuliko mbuzi aliyetimiza umri. Wakubaliane mapema, kila mmoja aweke chake kidogo kidogo tangu Mfunguo Mosi, na kila mmoja atie nia yake wakati wa kuchinja au amwakilishe mwenzao.

Swali ambalo huulizwa katika ushirika huo ni juu ya mtu wa saba. Wamepatikana sita wenye nia ya udhiya, na wa saba anataka nyama tu kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Je, udhiya ya wale sita inasihi? Kwa Shafi na Ahmad inasihi, kila mmoja na nia yake, na huyo wa saba ana nyama yake. Kwa Abu Hanifa haisihi kwa yeyote kati yao mpaka wote saba wawe wamekusudia ibada. Basi akipatikana wa saba mwenye nia ndiye bora, ili watoke katika ikhtilafu. Na asipopatikana, wale sita wasiache kuchinja kwa sababu yake.

Wallahu aalam.